Mzee wa Kanisa Aliyependa Turbo na Vifaru

Ukimkuta mzee wa kanisa letu ameketi ndani ya gari lake nje ya kanisa, injini inanguruma na wimbo wa kwanza umekwisha kuanza, usidhani amepatwa na jambo. Anapoza turbo, ile feni inayoipulizia injini pumzi ya ziada. Kwa miaka yote niliyomjua hapa Njoro, sijamwona akizima lile gari mara tu anapofika. Atakaa humo, Biblia mapajani na tai shingoni, akisikiliza mlio unavyoshuka mpaka aridhike. Mchungaji alimsema mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile: "Mchungaji, turbo haizimwi ghafla. Hata wewe ukimaliza kuhubiri huwa unakaa chini kwanza." Kisha angeingia kwa heshima zote na kuketi mbele, pale wazee wanapoketi, ameshakosa maombi ya kufungua ibada.

Sijui alizaliwa wapi, na ukoo wake sikuwahi kuuliza. Nilimjua kama jirani. Shamba lake na langu yanatenganishwa na ua wa michongoma. Yeye anafuga ng'ombe wa maziwa, na mimi nina duka la dawa za mifugo pale senta, ndiyo maana ananiita daktari ingawa ninachouza ni dawa ya minyoo na chumvi ya ng'ombe. Alikuwa na mapenzi mawili ambayo hayakukaa vizuri na cheo chake. La kwanza ni magari ya mbio ya mtumba, yale yanayoshuka melini yakiwa yameshatumika na kuchoka huko yalikotoka. La pili ni zana za kijeshi. Tena alikuwa na binti mmoja, koplo jeshini, dereva wa gari la deraya huko ng'ambo ya mpaka. Mambo hayo matatu nitayachanganya hapa kwa sababu kwake yalichanganyika, na kwa sababu kwa muda mrefu kitu kilichomkosesha usingizi kilikuwa kimoja tu: kama huyo binti angerudi nyumbani mzima.

Gari lake lilikuwa la Kijapani, la buluu, la gia za mkono, lenye tundu la hewa juu ya boneti ambalo kuku angeweza kutagia. Simtaji aliyelitengeneza kwa kuwa naye hakumtaja. Kwake magari yote yalikuwa na uraia, basi: Mjapani, Mjerumani, Mwingereza, Mfaransa. "Huyu Mjapani wangu," angesema, na mgeni akaanza kuangalia huku na huku akimtafuta huyo Mjapani. Gari lile liliundwa likate kona milimani na watu wapige makofi. Kwake lilibeba maziwa. Kila asubuhi baada ya kukamua, mitungi ilifungwa nyuma kwa vipande vya tyubu, na Mjapani akashuka nayo hadi kituo cha kupozea maziwa. Ndani mlinuka maziwa yaliyochacha, na hakuna sabuni iliyofua dafu. Akina mama wa kupokea maziwa walimtania, "Mzee, leo umetuletea maziwa ama siagi?" Naye aliwaambia maziwa yakipanda turbo hayapati nafasi ya kuganda.

Mkewe alikubali kupanda gari hilo kwa masharti yake mwenyewe. Alikaa nyuma, akafunga kitambaa kichwani akakaza, na sindano ya mwendo ikianza kupanda alianza kuomba kwa sauti. "Baba, mkumbushe huyu mtumishi wako kuna ng'ombe wanamngoja nyumbani." Mzee angepunguza mwendo mara moja, kwa maana hakutaka kushindana na mtu anayeomba.

Watu wasiomjua walidhani anakimbiza gari ovyo. Hapana. Hapa senta aliendesha polepole hata punda wa kubeba maji walimpita. Lakini kuna kipande cha barabara kuu, ukishapita Gilgil, ambapo akiwa peke yake au na mimi angetazama vioo vyote, akarudisha gia moja chini, akasema, "Sikiliza, daktari. Sikiliza anavyovuta pumzi." Na mgongo wangu ungebandikwa kwenye kiti. Ilichukua muda mfupi sana. Kisha angerudi kwenye mwendo wa mzee wa kanisa, ametabasamu, na hangelitaja tena jambo lile mpaka tufike.

Kipaji chake hasa kilikuwa kukagua gari la mtu kabla halijanunuliwa. Hapa kwetu muuza ng'ombe mjanja hamkamui jioni, ili asubuhi mnunuzi akute kiwele kimejaa, chuchu zinatazama pembeni. Mzee aliamini wauza magari wamejifunza ujanja huo huo. Kwa hiyo alikuwa na sheria yake: gari linakaguliwa asubuhi na mapema, bila taarifa, likiwa baridi. Akifika, hata kabla hajasalimia, anaweka kiganja juu ya boneti. Akikuta joto, anarudi nyumbani. "Ameshamwamsha," angesema. "Kwa nini amemwamsha kabla mgeni hajafika? Iko kikohozi anaficha." Akikuta baridi, anatoa kitambaa cheupe mfukoni, anakishika nyuma ya ekzosi gari likiwashwa, kisha anakikunjua na kukisoma kimya kimya huku mwenye gari akijikuna shingo. Halafu anaagiza gari liendeshwe mbele yake, yeye amesimama nyuma akitazama magurudumu ya nyuma yanavyotembea, jinsi anavyotazama mtamba aliyeletwa sokoni.

Maoni yake hayakuwa na bei, yalitoka bure kwa kila aliyepita. Stika nyingi kwenye kioo alisema ni plasta, na plasta huwekwa mahali penye kidonda. Yale mabawa ya nyuma wanayofunga vijana aliyaita meza ya kuanikia nyanya. Mjerumani alimheshimu, ila alisema anakuja na daktari wake, spana zake na kompyuta yake, na wote wanakula kwako. Gari lililoshushwa chini alilihurumia kwa sauti ya kweli kabisa: "Wamemkata miguu, maskini." Na wauzaji wenyewe aliwagawa. "Gari ya mbio usinunue kwa mtu anakuambia vile alikuwa anakimbiza. Tafuta yule anataka kulia akikupatia funguo. Mwenye kwanza alimpenda, wa pili akamtumia, wa tatu anamwonyesha watu. Wewe ukiwa wa nne, kazi yako ni mazishi." Gari langu mimi, dogo la kwenda dukani na kurudi, alilizunguka mara moja tu. "Hii haina dhambi, daktari," akasema. "Lakini pia haina ushuhuda." Nilinuna wiki nzima, maana ilikuwa kweli.

Siwezi kueleza mtu huyu bila kisa cha gari la mchungaji. Kamati ilichangisha, ikatafuta, na muuzaji mmoja wa mjini Nakuru akaleta gari mwenyewe Jumapili, moja kwa moja hadi uwanja wa kanisa, ibada ikiisha. Mzee alikuwa bado ndani akifunga ofisi ya sadaka. Alipotoka, watu walikuwa wameshalizunguka, akina mama wanaimba, na askofu mgeni ameshanyoosha mkono tayari kuliombea. Ikabidi na yeye asogee aweke mkono kama wengine. Mimi nilisimama mkabala naye. Kiganja chake kiligusa boneti na macho yake yakafunguka katikati ya maombi, yakanitazama. Boneti ilikuwa ya moto, na ni sawa kwa gari lililotoka mjini. Lakini hakuwa na njia ya kulingoja lipoe, wala ya kulikagua, kwa kuwa askofu alishasema Amina. Kwetu gari likishaombewa, anayesema ni bovu anabishana na maombi. Alitembea na jambo hilo moyoni. Gari lenyewe lilikata roho kwenye mlima wa kuelekea Mau Narok, mchungaji akiwa amevaa kola yake anakwenda mazishini, na Mzee ndiye aliyelivuta kwa kamba hadi nyumbani.  Tangu siku hiyo kamati iliweka utaratibu mpya: ukaguzi kwanza, maombi baadaye.

Sasa vifaru. Mapenzi hayo yalitoka wapi sijui. Hakuwa mwanajeshi, hakuwahi kuvaa hata sare ya skauti. Siku za gwaride la sikukuu ya kitaifa sebule yake ilijaa majirani, naye alizima sauti ya televisheni ili atangaze mwenyewe. Tukienda Kikopey kula nyama, alichagua bucha kwa kuangalia barabara, wala si kwa kuangalia nyama. Alitaka meza ambayo kutoka hapo malori ya jeshi yanaonekana yakielekea Gilgil. Yakipita yamebeba chuma kilichofunikwa turubai, angeacha mbavu zipoe na kusimama. Kwa umbo tu la ile turubai alikuambia kilicho chini yake, uzito wake, na kinavyoshindwa kikikata kona.

Alivipima vyote kwa kipimo kimoja: je, kingefika kwake nyumbani mwezi wa nne? Barabara yetu mvua ya masika ikinyesha hugeuka uji, na hapo ndipo mataifa makubwa yalipoaibika. Kifaru chenye minyororo, alisema, kingekwama mbele ya lango langu, kabla hakijafika kwake, na tungekivuta na trekta la jirani. Ndege ya vita aliilinganisha na farasi wa mashindano, anakula shayiri na hajawahi kulima. Helikopta aliisamehe kwa sababu inaweza kubeba mgonjwa. Lakini kilichomkera kuliko vyote ni magari mazito ya deraya, yale yenye mwili wa kabati na madirisha madogo. "Chuma nene ni ya waoga," alikuwa akisema siku hizo. "Ngao ni mwendo. Mpe askari gari nyepesi na injini nzuri, hakuna mtu atamgusa." Alisema hivyo kwa miaka, mkono ukionyesha kona ambayo angeikata na adui asingeiweza.

Na mtu huyu hakuweza kuchinja kuku. Kila Krismasi mkewe alinipigia simu: "Daktari, kuja utusaidie na huyu jogoo, mzee wako ameenda kuangalia ng'ombe." Nilimkuta zizini amegeuka upande wa pili, anamsugua ng'ombe mgongo, anangoja kelele ziishe. Ndama akifa alikaa siku mbili bila kula vizuri. Alizungumza juu ya mizinga jinsi watu wengine wanavyozungumza juu ya mpira, goli hili na goli lile, na katika mazungumzo hayo sikumbuki hata siku moja mtu akiumia. Mwanzoni nilimcheka kwa hilo. Baadaye halikunichekesha tena.

Binti yake alikulia kwenye kiti cha mbele cha lile gari. Wengine wa rika lake walijifunza nyimbo za redioni, yeye alijifunza milio. Alikuwa akipita dukani kwangu akiwa na sare ya shule ya upili, anasikia gari nje, anasema bila kugeuka, "Hiyo belti inaenda." Baba yake alimfundisha kuendesha kwa mitungi ya maziwa: ukimwaga, umepunguza mwendo vibaya. Alishika breki laini kuliko baba. Wakikaa sebuleni kutazama gwaride walibishana wao kwa wao, sisi wengine tukabaki kunywa chai. Jeshi lilipokuja kuandikisha vijana uwanjani Nakuru, Mzee alimpeleka mwenyewe ndani ya Mjapani aliyeoshwa akang'aa, akasimama njiani kumwambia kila mtu waendako. Alipochukuliwa, Mzee alisimama kanisani kutoa shukrani, na shukrani zile zilikuwa ndefu kuliko mahubiri. Alianza kumwita Koplo hata kabla hajapata cheo hicho.

Halafu binti akapangiwa kazi ng'ambo ya mpaka, dereva wa deraya. Ile ile ya kabati na madirisha madogo.

Wiki ile ile mawazo ya Mzee yaligeuka juu chini. Alikuja dukani siku ambayo hakuhitaji chochote, akaomba boksi tupu la dawa, akalikunja chini mpaka likawa na ncha. "Ona, daktari. Tumbo yake wameichonga hivi, kama hori ya ng'ombe. Kitu kikilipuka chini, nguvu inaenda huku na huku. Haipandi juu." Akalionyesha tena. "Na ni nzito. Uzito ni mzuri. Gari nyepesi inarushwa." Sikumkumbusha ngao ni mwendo. Alikuwa amesoma kila alichoweza kupata kwenye simu yake: unene wa vioo, mishipi ya viti, jinsi viti vyenyewe vilivyoning'inizwa visiguse sakafu. Aliniuliza maswali ambayo alijua siwezi kuyajibu, kisha akayajibu mwenyewe, yote kwa upande mzuri. Mwishoni alilishika lile boksi mkononi, akalitazama. "Lakini dereva anakaa mbele," akasema. Akaliweka juu ya kaunta na kutoka.

Miezi ile alibadilika hata kwa magari. Kijana wa chuo alimletea gari la turbo jeupe alikague, anaruka ruka kwa furaha, "Mzee, hii ndinga ni noma, cheki tu vile inaitikia!" Mzee aliweka kiganja, akasoma kitambaa, akasema gari ni zima. Kisha akamuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu: "Mama yako anajua?" Kijana akacheka akidhani ni utani. Mzee alingoja jibu.

Habari mbaya ilikuja kupitia redio asubuhi moja, ya mlipuko wa bomu lililofichwa kando ya barabara huko waliko vijana wetu. Haikutaja majina. Nilivuka ua kwenda kwao, nikawakuta wote wawili wamesimama jikoni, simu iko mezani katikati yao, chai imemwagika na hakuna aliyeipangusa. Mkewe alizungumza bila kunitazama. "Ni wewe ulimwonyesha hizo vitu. Mtoto alikuwa anapenda kushona, wewe ukamwonyesha vifaru."  Mzee alivuta kiti akakaa, mikono mapajani. Nilikuwa na huruma na wote wawili, na sikujua nisimame upande gani wa ile meza.

Simu ililia mchana. Alikuwa Koplo, sauti yake ndogo na ya mbali. Hakuguswa. Lililopigwa lilikuwa gari la mbele yake. Mama yake alipiga magoti pale pale sakafuni. Mzee aliuliza swali moja tu, "Umekula?" na alipojibiwa alimpa mkewe simu akatoka nje. Nilimfuata hadi zizini. Alikuwa analia waziwazi, bila kuficha uso, na ng'ombe wake wanamlamba mkono.

"Daktari," akaniambia, "mimi nilimfundisha kupenda kitu na sikuwahi kumwambia kinafanya nini."

Nilimwambia hakuna mzazi anayejua kila kitu. Ni maneno tu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akachukua ndoo. Toka hapo sebule ile haikuona gwaride tena. Sikukuu ilipofika tulikunywa chai na kuzungumzia bei ya malisho.

Koplo alirudi likizo mwaka huu. Mzima, tukasema wote, tukamtazama mikono na miguu na kumsifu Mungu. Kanisani alisimama na kusalimia vizuri. Alicheka palipohitaji kucheka. Lakini mama yake aliniambia halali upande wa dirisha, na baba yake aliona jambo jingine: tangu afike hakuwa ameomba funguo za gari. Yeye, ambaye zamani alizinyakua msumarini kabla hajavua viatu. Mzee hakumlazimisha. Alianza tu kuegesha Mjapani mbele ya mlango wa jikoni, mahali ambapo huwezi kutoka bila kumpita, na kila jioni alimrudisha ndani.

Siku moja nilikuwa na mzigo wa dawa wa kupeleka kwa mfugaji wa huko Mau Narok, na gari langu lisilo na ushuhuda lilikuwa kwa fundi. Mzee akasema atanipeleka. Tulipotoka, Koplo alikuwa amesimama karibu na mlango wa dereva, amevaa fulana na lesso ya mama yake kiunoni.

"Baba, wacha niwapeleke," akasema.

Mzee alimpa funguo haraka sana, akazunguka akakaa mbele upande wa pili. Mimi nikakaa nyuma na katoni zangu. Koplo alingoja injini ipate joto jinsi alivyofundishwa, akaondoka bila mtikiso hata kidogo. Tulipanda mlima vizuri. Gia ziliingia kama zenyewe, mashamba ya ngano yakapita pande zote mbili, na nilimwona Mzee mabega yakishuka. Alianza hata kuimba wimbo kwa sauti ya chini. Mimi nilijiegemeza, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikadhani yameisha.

Kisha tukafika mahali wanapouza viazi. Anayeijua barabara hiyo anapajua. Ndoo zimepangwa ukingoni mwa lami pande zote mbili, viazi vimerundikwa juu hadi vikawa kilele, halafu magunia yaliyofungwa kwa majani mdomoni, halafu karoti kwenye nyavu, halafu ndoo tena, mpaka kona. Koplo aliacha upande wake na kushika katikati ya barabara. Mwendo ukapungua. Lori lililokuwa linakuja lilipiga honi, akarudi kushoto kidogo tu, gunia la kwanza likakaribia kioo, akakanyaga breki. Gari likasimama na injini ikazima. Turbo ikazimwa ghafla, na hakuna aliyelitaja hilo.

Gari likisimama pale maana yake ni mteja. Akina mama walitujia mbio na ndoo zao. "Customer! Viazi ni tamu, mathe! Boss, karoti!" Mikono ya Koplo ilikuwa bado imeushika usukani. Alitazama mbele.

"Baba, waambie watoke," akasema. "Waambie watoke kando ya gari."

Mzee alishuka. Nilimsikia akiwaomba kwa upole, "Mama, subirini kidogo. Si kununua. Tafadhali, simameni tu pale nyuma." Walirudi nyuma wakinong'ona. Nilitaka kushuka niendeshe mimi, nikagusa kitasa cha mlango, lakini Mzee aliniona, akanikataza kwa mkono. Akaja dirishani kwa binti yake akainama.

"Koplo. Unaona ile gunia ya kwanza?"

"Naiona."

"Niangalie mimi."

Alilifuata lile gunia. Goti lake moja ni bovu, kwa hiyo alikwenda anachechemea. Alifika, akatoa majani ya juu, akaingiza mkono wote hadi kwenye kiwiko, akatoa kiazi na kukiinua juu akione. Akakirudisha. Akaenda kwenye ndoo iliyofuata, akafanya vile vile. Mama mmoja akauliza kwa kicheko, "Mzee, unanunua ama unatupimia?"  Alifika kwenye wavu wa karoti akautikisa. Binti yake aliwasha gari. Mzee akatembea mbele yetu ukingoni mwa lami, ndoo baada ya ndoo, anazigusa zote, na zile asizoweza kuziinamia alizisukuma kwa mguu. Gari lile lililoundwa likate kona milimani lilimfuata kwa gia ya kwanza, polepole hata ningeweza kushuka na kupanda tena.  Mama mwingine aliyekuwa mbele, sijui alielewa nini, alianza kulifungua gunia lake mwenyewe kabla Mzee hajafika.

La mwisho lilikuwa gunia kubwa pale kwenye kona, limeegemezwa kwenye jiwe. Mzee alilizunguka, akalikumbatia kwa mikono miwili, akaliinua kutoka chini na kulirudisha. Alikuwa anahema na shati limejaa vumbi. Akageuka, akatuita kwa mkono.

Koplo akaachilia breki, gari likasogea.